Nyama Isiyotuliwa na Nzi

Mume wa Rhobi alipofariki alimwachia mambo mawili ambayo mji wa Tarime haukuchoka kuyazungumza: bucha lililokuwa pembeni mwa soko, na shemeji aliyeitwa Nashoni. Bucha lilizungumzwa kwa sababu watu hawakuzoea kumwona mwanamke akiuza nyama. Mwanamke auze ndizi, dagaa, ulezi, hata pombe, hakuna aliyegeuza shingo. Lakini shoka la nyama, walisema, lina wenyewe. Rhobi aliwaacha waseme, akamwajiri Simioni akate nyama, yeye mwenyewe akashika mizani, na baada ya mwaka mmoja waliokuwa wakisema ndio waliokuwa wakipanga foleni.

Nashoni alizungumzwa kwa ajili ya ng'ombe wake. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, anaishi Susuni. Serikali ilipowataka watu wahamie katika kijiji cha ujamaa, nyumba yake aliihamisha mapema bila kunung'unika, ila zizi alilihamisha mwisho kabisa, na tena shingo upande. Madume aliyochinja Rhobi yalitoka kwake. Aliyaswaga mwenyewe hadi mjini, na njia nzima alimsimulia kila aliyekutana naye ukoo wa dume lile, mama yake, na bibi yake, na maziwa aliyokuwa akitoa huyo bibi.

Basi mwaka ule redio ilikuwa haina habari nyingine ila afya. Chemsheni maji, chimbeni vyoo, fukieni madimbwi. Tarime ikaletewa bwana afya mpya, Kornelio, kijana wa Machochwe, mwembamba, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alizunguka soko zima na baiskeli yake, akafika upande wa mabucha, akasimama. Nyama ilikuwa imening'inia wazi, nayo ilikuwa nyeusi kwa nzi. Kornelio akawaambia wenye mabucha kwamba kabla mwezi haujaisha kila mmoja aweke wavu wa waya dirishani na mlangoni, na anayekata nyama avae koti jeupe. Asiyefanya hivyo atafungiwa.

Ryoba, mwenye bucha la jirani, alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi wa serikali, alisema, hauna mwisho.

Rhobi hakucheka. Hakupenda kuambiwa neno mara mbili, na isitoshe, mwanaye Esta alikuwa ameugua tumbo msimu wa mvua uliopita hadi akabaki macho tu. Alimwagiza utingo wa basi la Musoma amletee wavu, akamwita fundi, na wiki ile haijaisha bucha lake likawa na wavu unaong'aa kila upande, na Simioni ndani yake amevaa koti jeupe, anaonekana kama mganga mkuu. Nzi waligonga wavu, wakazunguka, wakakata tamaa, wakahamia kwa Ryoba.

Shida ni kwamba wateja nao waliwafuata.

Asubuhi ya kwanza Rhobi alidhani ni bahati mbaya. Watu walikuja, wakachungulia kwenye wavu, wakatikisa kichwa, wakasogea kwa jirani. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Hatimaye akamwita Mama Kezia, mpishi wa mgahawa wa karibu na kituo cha mabasi, mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa akipita upande wa pili wa njia huku amegeuza uso.

"Mama Esta, usinikasirikie," alisema Mama Kezia. "Nyama ikiwa mbichi, nzi anaijua. Nyama isiyotuliwa na nzi, mimi nitajuaje ina nini?"

Ndivyo soko zima lilivyokuwa likisema. Wengine walidai nyama ya Rhobi inaoshwa kwa dawa ya serikali. Wengine waliapa kwamba ni nyama ya pori kutoka Serengeti, na wavu umewekwa ili isiangaliwe karibu. Mzee mmoja alisema nyama iliyofungiwa namna ile ni mahabusu, na yeye hali mahabusu. Jioni Rhobi na Simioni walibeba nyama iliyobaki, wakaikata vipande virefu, wakaianika moshini. Walikula nyama kavu mpaka Simioni, ambaye hakuwahi kuikataa nyama maishani mwake, akaomba mchicha.

Rhobi akafunga kilemba, akaenda moja kwa moja ofisini kwa bwana afya. Alimkuta anasoma. Akamwambia kwamba amefukuza nzi kama alivyoagizwa, lakini wateja wamekwenda nao, na aliyeleta amri ndiye atakayewarudisha.

Kornelio aliona haya, maana jambo hilo hakufundishwa chuoni. Kesho yake alisimama katikati ya soko, akahutubia juu ya vijidudu. Alieleza vizuri sana. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakampigia makofi, wakaenda kununua nyama kwa Ryoba.

Ndipo akapata wazo jingine. Kama maneno hayawaingii, basi waone kwa macho. Akaanza kuja kila mchana kwenye bucha la Rhobi, anachagua kipande mbele za watu, anachomewa nje kwenye jiko la mkaa, kisha anakaa kwenye benchi na kula polepole kwa chumvi na pilipili, akijipangusa midomo kama mtu aliye harusini. Akimaliza anakaa kidogo, watu waone kwamba hajafa.

Watu waliona, lakini waliona lao. Wiki haikuisha kabla mji haujajua kwamba bwana afya anamtaka yule mjane, na kwamba wavu wenyewe ulikuwa mbinu ya kupata sababu ya kumtembelea. Mama Kezia ndiye aliyempelekea Rhobi habari hizo, kwa sauti ya chini na kwa furaha isiyofichika.

Rhobi alikasirika. Alikasirika kweli, akafunga bucha mapema, akaenda nyumbani akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Lakini asubuhi alijikuta amevaa kitenge kipya alichokuwa amekiweka chini ya sanduku tangu matanga, na alipojiona kwenye kioo hakukivua. Miaka mingi hakuna aliyemsingizia kitu kizuri.

Uvumi haukai mahali pamoja. Huu ulipanda kilima, ukashuka, ukafika Susuni, ukamkuta Nashoni anakamua.

Alikuja siku ya gulio, soko likiwa limefurika. Kwa mkono mmoja alikuwa na fimbo, na kwa mwingine kamba ya dume jekundu lenye paji jeupe, na safari hii hakumsimulia mtu ukoo wake. Alimwuliza kila aliyekutana naye swali moja tu, bwana afya yuko wapi, na kila aliyeulizwa alimwonyesha kisha akamfuata nyuma ili asikose kitakachotokea. Alipofika kwenye bucha alikuwa na nusu ya soko mgongoni. Kornelio alikuwa kwenye benchi, mdomo umejaa.

Rhobi alitoka haraka, akapiga goti kidogo, akamwamkia shikamoo shemeji. Nashoni aliitikia bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye ile kaptula ya kaki.

"Mura, wewe kijana," alisema. "Nimesikia unakula kwenye mji wa marehemu mdogo wangu."

Kornelio alimeza. Kilikuwa kipande kikubwa, kikachukua muda. "Shikamoo, mzee. Nakula nyama tu. Nakula ili watu waone."

"Waone nini?"

"Kwamba ni nzuri. Wao wameikataa. Wanasema nyama isiyo na nzi ni mbaya."

Fimbo ya Nashoni, ambayo ilikuwa imeanza kuinuka, ikasimama hewani. Rhobi, aliyekuwa akimjua shemeji yake, aliona uso ukibadilika, na hasira ikigeuka mahali ilipo kama gari linalotafuta njia nyingine. Akaona asingoje.

"Ni ng'ombe wako, shemeji," alisema. "Ng'ombe wako ndio wanaokataliwa. Wiki hizi zote nawaanika moshini."

Nashoni aligeuka taratibu, akalitazama soko.

"Wameikataa nyama ya zizi langu?"

Mama Kezia alijaribu kujificha nyuma ya kikapu.

"Ninyi ni Wakurya au ni nini?" aliuliza Nashoni, na sauti yake ilifika hadi kituo cha mabasi. "Tangu lini mtu akamwuliza nzi habari za ng'ombe? Nzi anajua mavi. Ametoka kuyakanyaga sasa hivi nyuma ya nyumba yako, ndipo anakuja kukuchagulia nyama, nawe unamfuata?"

Kisha akalifunga dume kwenye nguzo ya bucha, akaanza. Alianzia kwa bibi. Alisimulia maziwa, alisimulia ukame uliowaua ng'ombe wa wengine, alisimulia mahari ambazo ukoo ule ulilipa, na alipofika kwenye dume lenyewe wazee walikuwa wamesogea wakilipapasa mgongo na kukubali kwa vichwa. Lilikaa pale hadi jioni na kila mtu akalitazama. Likaja tatizo jingine: Nashoni alikuwa amelisifu mno, akaanza kusema labda ni dhambi kulichinja. Rhobi alimwandalia ugali na mlenda, akambembeleza kwa heshima zote, akamkumbusha kwamba sifa zile zote haziwezi kuthibitishwa isipokuwa kinywani. Nashoni alifikiri, akakubali.

Asubuhi nyama ilipotoka machinjioni na mhuri wake, foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Mama Kezia alikuwa wa kwanza, akataka ya paja. Hakuna aliyeulizia nzi, kwa sababu Nashoni alikaa kwenye benchi la Kornelio na fimbo magotini, akimkagua kila mnunuzi kama mtu anayetoa binti yake. Tangu siku ile dume la kuchinjwa lilifungwa kwanza mbele ya bucha, watu walione wangali wanaweza kuliuliza maswali.

Ryoba alivumilia hadi mwisho wa mwezi, kisha akamtuma mtu aulize kama fundi wa wavu ana nafasi. Kornelio aliacha kuja kila mchana, maana kazi ilikuwa imekwisha, akahamia kwa wauza maziwa.

Jumamosi moja, hata hivyo, alipita na baiskeli bila sababu yoyote ya kiserikali. Alinunua nyama kidogo, akasita, akamwuliza Rhobi kama jiko la mkaa bado lipo.

"Lipo," alisema Rhobi, akamwita Simioni alete moto.