Mwaka Mmoja wa Sindano Moja

Ndoto yangu ya jana haikungoja usiku. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya kupima watoto uzito, nami nimekaa chumba cha dawa nikisubiri akina mama wafike. Usingizi ukanipitia, nikaota mwaka mzima.

Kabla ya ndoto yenyewe, niseme mimi ni nani. Naitwa Ng'washi, nesi mkunga katika zahanati ya kijiji huku Tabora. Mwezi wa kwanza mwaka huu mama mmoja aitwaye Nyamizi alijifungua mtoto wa kike mikononi mwangu, kisha damu ikakataa kukatika. Sindano ya kuikata nilikuwa nayo. Lakini mwongozo uliobandikwa ukutani ulisema nesi asiichome bila idhini ya daktari, na simu ya daktari haikupatikana. Nilipiga mara kumi na moja. Nyamizi akafa. Nikaandika barua, ikafika mbali kuliko nilivyotegemea, na mtandao wa kimataifa unaotunga miongozo ya afya ukaniteua kuwa mjumbe: mwakilishi wa ngazi ya chini.

Katika ndoto ngazi hiyo ni ya miti. Imeegemezwa ukutani katika ukumbi mkubwa, nami nimekaa kwenye kipago cha chini kabisa. Juu ya kichwa changu umetandazwa wavu. Huo ndio mtandao. Wajumbe wananing'inia humo, kila mmoja kwenye fundo lake, wamevaa tai. Mwenyekiti hayupo. Kipo kiti, nacho ndicho kinachoendesha kikao.

"Tuna ajenda moja," kikasema kiti. "Damu ya Nyamizi."

Nikageuka. Nyamizi amelala katikati ya ukumbi, juu ya kitanda chetu cha kujifungulia, kile chenye mguu uliofungwa waya. Damu inadondoka sakafuni tone moja moja. Sindano iko mkononi mwangu, dawa imeshavutwa. Nikashuka kwenda kumchoma, mikono ikakataa. Kuitazama, imefungwa pamoja kwa utepe mweupe, ule wanaofungia majalada ofisini.

"Mwongozo ukipita, utafunguliwa," kiti kikaniambia kwa upole. "Uliandika mwenyewe kwenye barua kwamba mikono ya nesi imefungwa."

Ni kweli, niliandika hivyo.

Mwezi wa pili ukaingia kwa mlango wa mbele, ukatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, ukaketi. Wajumbe wakajadili maana ya neno "damu". Mwezi wa tatu wakajadili maana ya "nyingi". Mtoto wa Nyamizi, aliyekuwa amelala mapajani mwangu, akaanza kukaza shingo.

Mwezi wa tano akaitwa Ushahidi. Ni mzee mwembamba, kaletwa kwa machela. Anasema amewaona akina mama wanne waliochomwa sindano hiyo hiyo na manesi, wakapona, na majina yao anayakumbuka. Wakamtundika kwenye mizani yetu ya watoto, miguu yake ikiburuta chini. Mshale haukusogea.

"Dhaifu," kikasema kiti. "Arudi akaongeze nguvu."

Mwezi wa nane tulipata taarifa kwamba alifia njiani. Tukasimama dakika moja.

Ukumbi sasa ni uwanja wa ndege, kwa kuwa kikao kimehamia nchi yenye theluji. Kitanda cha Nyamizi kinapita kwenye mkanda wa mizigo, nami nakifuata na mtoto begani. Mhudumu anapima damu iliyobaki mwilini mwa Nyamizi, anasema haizidi kiwango kinachoruhusiwa, anaweza kusafiri.

"Dada nesi," Nyamizi akaniuliza, "wamefika wapi?"

"Ukurasa wa arobaini."

"Kwani ziko ngapi?"

"Zinaongezeka."

Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. "Waambie mimi sina haraka," akasema. "Damu ndiyo yenye haraka."

Nikapanda ngazi kwenda kuwaambia. Kila nilipokanyaga kipago kimoja, juu vinaongezwa viwili. Nikalisema neno lake kwa sauti kutoka pale nilipofikia, kisha nikashuka. Baadaye nilisoma muhtasari wa kikao: ngazi ya chini imeshirikishwa.

Mwezi wa kumi na mbili mwongozo unapita. Makofi yanapigwa mpaka wavu unatikisika. Mwongozo wenyewe ukaingia kwa miguu yake, kitabu kinene kilichovaa viatu vipya, ukasimama kando ya kitanda, ukajisoma kwa sauti: nesi amchome mama sindano mara moja, bila kungoja idhini ya mtu yeyote. Yalikuwa maneno ya barua yangu. Hawakuwa wamebadilisha hata nukta.

Nikawanyooshea mikono wanifungue. Kila mjumbe alikuwa anatafuta begi lake, na kiti kilikuwa kimeshakunjwa. Ndipo mtoto, ambaye kufikia hapo alikuwa anatambaa, akanishika kifundo cha mkono, akauma utepe pamoja na ngozi yangu, akautafuna mpaka ukakatika. Nikamchoma Nyamizi pajani. Dawa iliingia vizuri. Sakafu ilikuwa kavu. Halikuwapo tone la kuzuia.

"Asante, dada," akasema, kama mtu aliyepishwa njia. Akafumba macho.

Nikaamka. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, na kifundo cha mkono kinaniwasha.

Nje foleni ilishapangwa. Wa kwanza alikuwa Mama Kalunde, mama mzazi wa Nyamizi, na mjukuu wake mgongoni. Mwezi uliopita alinilalamikia kwamba mtoto ana miezi kumi na hana hata jino moja. Nilimwambia awe na subira. Ndilo neno ninalowaambia wote.

"Ameota," akasema, akimfungua kanga.

"Lini, mama?"

"Asubuhi hakuwa na kitu, mwanangu. Ameota sasa hivi, hapa benchini, amelala."

Nikamfungua mtoto mdomo kwa kidole. Yalikuwa mawili, ya chini, na katikati yake palinasa uzi mweupe.

Mama Kalunde akauliza ni nini. Nikautoa kwa kibano, nikamwambia ni uzi.