Mgongo wa Shangazi

Kazini walimwita Redio, kwa utani, maana hata ukiwa karibu naye ilibidi utege sikio. Kazi yenyewe ilimfaa mtu mkimya: kukadiria kwa kompyuta mionzi itakayofika kwenye uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kabla mgonjwa hajadungwa dawa yenye mionzi. Kwa kuwa huwezi kumtia mtu kipimo ndani ya mfupa, walitumia mwili wa kuchora: mwanamke wa wastani, mgongo umenyooka kama mwanzi. Mafundi walimwita Bi Arusi, maana hazeeki wala haumwi. Kila mgonjwa wa kike alihesabiwa kwa mwili huo, akarekebishiwa uzito, basi.

Safari hii mgonjwa alikuwa shangazi yake.

Kansa ilikuwa imeingia mifupani. Kupona hakukutajwa tena. Kilichotafutwa ni usingizi bila maumivu. Sindano mbili za dawa yenye mionzi zilikuwa zimempa usingizi huo, lakini baada ya ile ya pili damu yake ilishuka kuliko walivyotarajia, ikapanda tena shingo upande. Sasa aliingojea ya tatu. Redio alipomwonyesha picha ya Bi Arusi kwenye simu, shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu hajazaa, hajabeba ndoo," alisema. "Kamwambie anikopeshe mgongo, nitamrudishia Jumatatu."

Redio alicheka naye, lakini neno lile halikumtoka. Shangazi alikuwa mfupi, pingili za chini za mgongo wake zimebonyea na kukaliana. Nyonga zake zilikwisha kuchomwa mionzi miaka ya nyuma, na uboho wa pale ulikuwa umegeuka mafuta matupu. Bi Arusi hakuyajua hayo. Basi Redio akazichukua picha za mwili wa shangazi, akaanza kumjenga upya kwenye kompyuta, pingili baada ya pingili, taratibu kama anayemvisha nguo.

Kwa Bi Arusi, dozi ilikaa chini ya mpaka ambao uboho huhimili. Kwa shangazi, iliuvuka. Alirudia hesabu akitafuta kosa lake, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba alipate. Hakulipata.

Hakuna aliyemtuma kujenga mwili wa pili. Angenyamaza, utaratibu ungekuwa umefuatwa na sindano ingetolewa. Na wodini shangazi alikwisha kuanza kung'ata shuka kila alipogeuzwa.

Daktari alimuuliza, kalamu mkononi, Bi Arusi anasemaje.

"Anapita," alisema Redio. Kisha, kwa sauti ndogo, "Shangazi hapiti."

Daktari alimwomba arudie. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Aliieleza hesabu yote, na daktari alipouliza kama nusu ya dozi ingefaa, akajibu kwamba ingepita, ila isingeyafikia maumivu. Sindano ikaahirishwa. Wakarudi kwenye vidonge, vilevile vilivyokwisha kushindwa. Kwamba hata zile mbili za kwanza zilipimwa kwa mgongo usio wake, hakuna aliyelisema.

Redio aliomba akampe habari mwenyewe. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani aliyezuia.

"Ni mimi, shangazi."

"Na ungenyamaza?"

"Ungelala. Halafu pengine damu ingekuishia."

"Pengine?"

"Ni makadirio, shangazi. Hatuwezi kuona ndani."

"Pengine," alirudia shangazi, kama anayeonja kitu kichungu ambacho hajaamua kukitema. Akautazama ukuta. Redio hakujua aondoke au akae, akakaa.

"Haya, nigeuze basi, mwanangu. Ubavu huu umechoka."

Redio aliinama, akapitisha mkono chini ya gauni la wodi. Kila pingili aliijua kwa umbo lake, alikuwa amezichora zote. Mkono wake ukasimama hapo, hajui ashike wapi pasipouma.