Mahindi ya Kando ya Barabara

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikuwa bibi mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Kila mkutano wimbo ulikuwa ule ule: mbolea ni shina kwa shina, hakuna kupendelea! Kwa hiyo mjukuu wake, afisa kilimo, alipoleta droni, bibi hakungoja kuombwa. Shamba la mfano ni langu, akasema.

Droni ikapaa, ikazunguka, ikatua. Mjukuu akaweka kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa, wanakikundi wakabanana kutazama. Pembeni kote, kijani. Katikati, wekundu mtupu.

"Wekundu ni mimea iliyodhoofika," mjukuu akasema. Akaingia shambani, akarudi na jani la manjano. "Hii yaweza kuwa njaa ya mbolea tu, au ule ugonjwa unaosambaa. Bibi, mbolea uliweka sawasawa?"

"Unamuuliza nani? Sawasawa kabisa!"

"Basi si njaa. Tung'oe katikati yote leo, ugonjwa usije ukavuka kwa majirani."

Jirani wa bibi, waliyemwita Kiherehere, alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Bibi akayatazama mashina ya katikati. Yale yalikuwa mahindi ya kula mwaka mzima. Na ukweli aliujua peke yake: kando ya barabara, wapita njia wanaposimama kusifia, alimwaga mbolea kama anayelisha wakwe. Kufika katikati, gunia limenywea, magoti yanalalamika, akawa anadokoa kama chumvi. Nani angeona huko? Hakujua kuna siku watu watapita juu.

Kiherehere akashika shina la kwanza.

"Kitendawili!" bibi akapiga kelele.

"Saa hizi, mama?" Kiherehere akauliza. "Haya, tega."

"Nyumba yangu kuta zimevimbiwa, sebuleni wanakufa njaa."

Wakashindwa.

"Shamba la mwenyekiti wenu," akasema, akiangalia ndala zake.

Kisha Kiherehere akaachia shina, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe umejipaka mafuta usoni, mgongo una ukurutu!"

"Na mgongo wenyewe umepigwa picha," bibi akajibu, naye akicheka kuliko wote.

Mjukuu akakagua mashina mengine: manjano yalianzia majani ya chini. Njaa tupu. Akamkabidhi bibi ndoo ya mbolea.

Bibi akaingia katikati, shina kwa shina, magoti yakilia. Mahindi yakamficha, barabarani hakuna aliyemwona.

"Mjukuu wangu!" akaita. "Hicho kidude bado kina chaji? Kirushe tena!"