Mpira wa Juu

Mifereji ya mtaa wa Tudor ilikauka tangu mfungo, lakini bili za maji hazikukauka. Kenga akaegesha mkokoteni chini ya ghorofa, akajitwika begani mtungi wa plastiki uliojaa maji, akaanza ngazi. Lifti siku hizi ilikuwa stoo ya mafagio.

Mitungi sita kila asubuhi, kwa Mama Karisa, ghorofa ya nne. Ndiye mteja wake mkubwa, na ndiye aliyemuuma zaidi. Ukutani alitundika picha ya mwanawe Karisa, kofia ngumu kichwani, mabega ya kupachika, huko Marekani alikolipwa kwa kazi moja tu: kuingia uwanjani, kupiga mpira wa umbo la yai upite juu ya mwamba, baina ya milingoti miwili, kisha kurudi kuketi.

Juu ya mwamba! Hapo ndipo roho ilipomchoma Kenga. Yeye na Karisa walipokuwa wakicheza kandanda uwanjani Makupa, Kenga ndiye mfungaji. Kila shuti la Karisa lilipaa likaangukia malori barabarani, na timu nzima ikamzomea. Siku Mmarekani alipokuja kutafuta wapigaji, Kenga alifyatua makombora ya chini, yote wavuni, akangoja kushangiliwa. Mmarekani akamchukua Karisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimina kwenye pipa, kisha njoo unitazamie hii video. Mchezo wa juzi. Macho yangu hayafai."

Kenga akafuta mikono kwenye suruali. Kwenye simu Karisa alirudi nyuma, akaja, akapiga. Mpira ukapaa vizuri, ukajipinda, ukapita nje ya mlingoti wa kulia.

"Umeingia?"

Miaka yote hiyo Kenga alikuwa akiuombea mpira huo upotee.

"Umekosa, mama," alisema, na akaona haya kusikia sauti yake ilivyochangamka.

Simu ikalia mkononi mwake. Mama akabonyeza, sauti ikajaa chumba.

"Mama, wamenitoa."

"Wamekutoa wapi?"

"Kazini. Leo wamemleta mwingine."

"Kwa mpira mmoja? Na ile yote uliyotia?"

"Hiyo imeshapita, mama. Ni kama kibarua cha bandarini. Unaambiwa kesho usije, basi."

Kenga aliyajua maneno hayo. Yeye na wenzake waliambiwa hivyo hivyo kwenye geti la bandari, makasha ya mizigo yalipohamishiwa kwenye reli.

"Uko na nani hapo?"

"Kenga. Ameleta maji."

Kisha Karisa akacheka kidogo. "Ee Kenga! Haya, zomea. Si umezoea?"

Kenga akaisogeza simu karibu na kinywa.

"Ulipaa," akasema. "Ulipaa kama zamani."

Simu ilipokatika, Mama Karisa alibaki akiitazama picha. Kenga akaleta mitungi iliyobaki, mmoja mmoja. Alipomimina wa mwisho, mama akamwita.

"Kenga."

"Naam, mama."

"Kesho lete mmoja. Tutaogea kopo."

Mmoja. Alitoka na ule mtungi mtupu. Tudor nzima hakumjua mtu mwingine wa kumudu kununua ile mitano iliyobaki.

Penye kona ya ngazi akauweka chini, akarudi nyuma, akaupiga teke kwa nguvu zake zote. Mtungi ukapaa juu ya ukingo, ukaelea hewani, ukaangukia uani kwa kishindo.

"Wee!" mlinzi akamzomea kutoka chini. "Ndio kupiga gani huko? Huoni goli?"