Kifua Kilichofunguliwa Bure

Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, bado akitania. Wiki nzima wanafunzi wa udaktari walikuwa wakipokezana kusikiliza kifua chake, naye akawaambia wapange foleni kama kwa kinyozi. Profesa wa upasuaji alikuwa ameahidi kuutoa uvimbe uliokuwa kifuani mwake pamoja na nusu ya pafu la kushoto, kazi ya saa tano hivi.

Mkewe, mshonaji, alikaa kwenye benchi la korido. Hata saa nne haijagonga, profesa akatokea, kofia ya upasuaji mkononi. Mke akaelewa kabla hajaambiwa neno.

Profesa akaketi kando yake, akamweleza taratibu kwamba uvimbe ulikuwa umeshika moyo na mshipa mkubwa. Wangeukata, angefia pale pale mezani. Wakamshona bila kugusa kitu. Akasema yeye mwenyewe angemweleza mgonjwa, lakini mke akakataa.

"Niachie mimi, daktari. Nimeishi naye miaka ishirini na sita."

Cheche alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama wameutoa. Mke akamnyooshea shuka. Akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu mgonjwa alijisifu kwamba sasa anapumua kama kijana. Wanafunzi walisikiliza kifua wakitazama sakafu. Siku ya nne, msichana mmoja kati yao alishindwa kujizuia, akatoka nje akifuta macho. Cheche akageuza shingo, akamtazama mkewe.

"Mama watoto, niambie."

"Walifungua, wakafunga," akasema. "Haukutoka."

Cheche akavuta pumzi fupi fupi. Mke alingoja alaumiwe.

"Kumbe siku zote hizi umekaa na jambo hili peke yako," akasema mwishowe, akamsogezea mkono uliojaa makovu ya moto.

Alirudi nyumbani, akaishi wiki saba. Karakana aliipitia mara mbili tu, akakaa kwenye kiti akitazama wengine wakichomelea. Alifariki mchana, mkewe akimbadilishia shuka. Hadi leo mama yule hajui kama zile siku tatu alimpa mumewe au alimwibia, na hana wa kumuuliza.