Zamu ya Raheli Kupinga

Darasa la jioni la watu wazima pale Same lilikuwa na nusu yake nyingine ndani ya simu. Kila Jumatatu mwalimu Husna aliweka swali moja kwenye kundi la WhatsApp na kugawa kazi: mmoja ajibu, mmoja ampinge kwa hoja, mmoja ajumlishe Ijumaa jioni. Aliyekosa kazi yake mara tatu, jina lake halikupelekwa kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne.

Raheli alikuwa amekosa mara mbili. Mama huyu wa Mhezi, kijiji cha mlimani, mwenye miaka arobaini na minne, alikuwa mpishi wa mgahawa karibu na stendi. Zamu zake mbili aliandika "Amina" na "Ubarikiwe sana", akadhani amechangia.

"Dada Raheli, hapa si kwenye maombi," alimtania Muhidin, muuza vipuri. "Amina yako haina maksi!"

Sasa swali lilikuwa: kwa nini Chome, kule mlimani, hupata mvua nyingi na Same huku chini ni kukavu? Aliyepangiwa kujibu ni Eliezeri, mzee wa usharika wao, mtu aliyesimama na Raheli siku ya kumzika mumewe. Naye aliandika kwa uhakika: "Msitu wa Shengena, juu ya Chome, huvuta mvua. Same haina msitu. Basi."

Wa kumpinga alikuwa Raheli.

Siku tatu alizunguka na simu mfukoni mwa aproni. Ijumaa, wali ulipokwisha kupaliwa makaa, aliinama nyuma ya jiko. "Bwana, nipe neno la kumpinga mzee wangu bila kumvunjia heshima." Kisha akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Shikamoo mzee. Naomba kutofautiana na wewe. Nikilima Mhezi niliona wingu likipanda kutoka mashariki, linalowesha kilele. Likivuka kushuka huku Same linayeyuka, halitoi tone. Nafikiri mlima ndio unaolizuia. Kama ni msitu peke yake, mbona huko juu miteremko miwili yenye miti hainyeshewi sawa?"

Akatuma. Mzee alisoma, alama zikageuka bluu.

"Jamani, mzee wetu kabanwa!" Muhidin akaandika.

"Muhidin, hoja, siyo kelele," Husna akamjibu. "Mama Raheli, kazi yako nimeipokea. Jina lako linakwenda."

Raheli alifumba macho kushukuru. Alipoyafumbua, ujumbe wa mzee ulikuwa umefika.

"Marahaba mwanangu. Miaka sitini naliona wingu hilo likiyeyuka, sikuwahi kujiuliza. Nimekosea kusema msitu peke yake. Lakini sijamaliza na wewe! Sisi wa Chome tunajua mahali palipofyekwa chemchemi zilikauka. Kwa hiyo msitu hauna kazi yoyote? Nijibu."

Raheli akaisoma mara mbili. Darasani, mzee akisema, wote walimsikiliza na kunakili bila kumpinga. Katika kundi hili, kwa sababu tu kazi ziligawanywa, mzee wa kanisa alikuwa anamdai hoja mpishi, na anaisubiri.

"Mama, wali!" mteja akaita.

"Nakuja, baba, nipe dakika mbili," alisema Raheli, naye akaanza kuandika: "Mzee, chemchemi nakubali. Ila maji kukaa ardhini na mvua kunyesha, naona ni mambo mawili..."