Raba Zilizotiwa Sponji za Koti

Habari hii nililetewa na mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha sketi. Alisema huko kwa shangazi yake kuna binti aliyekuwa akikimbia barabarani kila asubuhi, mpaka siku moja mfupa wa muundi ukakatika wenyewe, ko, kama muwa. Hakuanguka, wala gari halikumgusa. Nikamuuliza ni binti wa nani. Hamjui. Nani alimwona akivunjika? Aliambiwa tu. Akaijaribu sketi yake, ikamkaa, akaondoka nayo pamoja na usingizi wangu.

Maana kitinda mimba wangu naye alikuwa anakimbia.

Mimi na yeye ni mafundi cherehani. Chumba chetu cha mbele kina cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Mimi nashona sare za shule. Yeye anashona magauni ya maharusi, na hayo ndiyo yanayotulisha. Sasa fikirini wenyewe, mguu wa fundi ukigoma, cherehani itakanyagwa na nani? Baba yake, ambaye hata sindano hutungiwa uzi?

Kukimbia alianza kwa sababu ya mgongo. Kukaa kutwa kulimkunja, akajiunga na kikundi cha watu wazima wa mtaani wanaokimbia asubuhi kabla ya kazi. Kusema haki, kulimfaa. Alirudi amechangamka, anakula vizuri, hata ule wimbo wake mbaya wa kazini ukarudi. Baba yake alikaa kizingitini na kikombe cha chai, akamtazama akitokwa jasho.

"Mama, huyu mtoto anafukuzwa na nani?"

"Na uvivu wako, baba," binti akamjibu. "Usipoangalia utakukamata wewe."

Kisha kikundi kikajiandikisha kwenye mbio kubwa, na mwanangu akataka raba za maana. Akaenda kwenye mitumba, akarudi na jozi nyekundu inayong'aa.

"Hizi zako au za baba yako?" nikamuuliza, maana kisigino chake kilikuwa kinaogelea mle ndani.

"Kubwa kidogo tu. Mama, si wewe uliyenifundisha? Kubwa hupunguzwa, ndogo haiongezeki."

Hiyo ni kanuni ya ufundi wetu, na katika nguo sijaona iliyoipinga. Basi tukazipunguza raba kama tunavyopunguza blauzi. Alichukua zile sponji tunazoweka kwenye mabega ya makoti, akatia mbili chini ya kisigino na kipande kwenye vidole, nami nikamshikia mkasi. Soli tuliigeuza tukaiona imelika upande mmoja, lakini nani anayevaa soli usoni? Akatembea mbele ya kioo, huku na huku, kama bibi harusi.

"Zimekukaa," nikamwambia. Mafundi wawili, akili nusu.

Alikuwa amezoea kukimbia kwenda sokoni na kurudi. Kwa ajili ya zile mbio, akaanza kukimbia mpaka ng'ambo ya daraja, kwa mkupuo, bila kuuandaa mwili. Haikuchukua muda nikasikia cherehani yake imebadilika. Mlio wake naujua, huenda kama mvua isiyo na haraka. Sasa ulikuwa unakatikakatika.

"Unakanyagia mguu mmoja," nikasema.

"Mkanda umelegea."

"Mkanda wa cherehani au wako? Simama nikuone."

Akasimama. Akatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikampandisha sketi nikagusa muundi, upande wa ndani, akavuta pumzi kwa meno.

Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye ule muwa.

Nilimchua kwa dawa kali mpaka nyumba nzima ikanuka na baba yake akahamia barazani. Haikusaidia. Kesho yake nikafunga duka, nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda kwa daktari wa viungo. Naye ni binti mdogo tu, amevaa raba.

"Nionyeshe panapouma kwa kidole kimoja," akamwambia.

Mwanangu akashindwa. Akalaza kiganja kizima juu ya mfupa. "Hapa pote, daktari."

Daktari akaanza kubonyeza, kutoka karibu na kifundo akipanda juu, taratibu. Mimi nilikuwa namtazama mwanangu usoni.

"Utakatika?" nikauliza.

"Mama, ngoja nimalize."

"Mimi nimengoja tangu nimzae."

Akacheka, akamaliza, akaketi. "Hujakatika. Maumivu yangekuwa mahali pamoja padogo kama kifungo, ningempeleka kupigwa picha leo hii. Haya yametandaa. Misuli na ngozi ya mfupa vimechoshwa. Lakini akiendelea kukimbia hivi, huko kwenye ufa ndiko anakoelekea. Raba zako ziko wapi, dada?"

Mwanangu akazitoa kwenye mfuko. Daktari akaingiza vidole, akavuta kitu.

"Hiki nini?"

"Bega," akasema mwanangu.

"Bega la nani?"

"La koti."

Daktari akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi ni mafundi?"

Tukaitikia.

"Gauni la harusi mnampima bibi harusi, au mnachukua la mama mkwe mkalijaza pamba?"

Mwanangu akaanza kuzichomoa sponji zilizobaki. Daktari akamwambia apumzike kukimbia mpaka aweze kutembea na kurukaruka bila maumivu, kisha aanze upya kidogo kidogo.

"Na zile mbio za Jumapili?" binti akauliza. "Nikimbie hizo tu, halafu nipumzike?"

"Mguu ni wako. Ila mimi sina wa akiba wa kukupa."

Jumamosi kiongozi wa kikundi, tunayemwita Kapteni, alipita kumletea namba ya kifuani. "Jikaze, fundi. Maumivu ni mgeni tu."

"Mgeni huyu amekuja na godoro," mwanangu akamwambia. Aliikunja ile namba, akaishika kidogo, akamrudishia. Machozi yalimlenga, akainamia cherehani akajifanya anatunga uzi kwenye sindano iliyokwishatungwa. Nikavuta sare yangu nikaendelea kushona. Kuna wakati mama hufaa zaidi akinyamaza, ingawa mnajua hali yangu.

Jumapili tulisimama kando ya njia tukiwashikia wenzake chupa za maji. Nilimshika mkoba wake muda wote, asije akaniponyoka.

Alipumzika kweli. Mguu ulipotulia tukaenda dukani, jioni, tukapima raba jozi tatu huku muuzaji akitazama saa. Mwanangu alichagua za kijivu, mbaya za sura, zinazomkaa. Sasa anakimbia mpaka sokoni, anatembea akirudi, na cherehani inalia kama zamani.

Basi wenye watoto wanaokimbia, na nyinyi mnaokimbia wenyewe, epukeni haya:

Kununua raba kubwa ukategemea kuijaza. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisicheze.

Soli iliyolika upande, hata juu kukiwa kunang'aa.

Kupima raba asubuhi. Mguu hutanuka kutwa. Nenda jioni, na soksi zako za kukimbilia.

Kupima ukiwa umekaa. Simama, tembea, ruka kidogo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kuchagua kwa rangi.

Kuongeza mwendo ghafla kwa sababu ya shindano.

Kukimbia huku muundi unauma.

Kuchuachua tu nyumbani wakati maumivu yako mahali pamoja, au yanauma hata umelala. Hapo nenda kwa daktari, siku hiyo hiyo.